Bahari ya Bwana Imeota Ndevu

Mdogo wangu Mbaruku,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mama, wake zetu, watoto, na jirani yeyote aliyejipenyeza barazani kusikiliza, natangaza rasmi: huku Arusha bahari imeota ndevu. Za kijani. Ndefu kuliko zangu, na zangu unajua ziliishia njiani.

Mama, shikamoo. Miguu inaendeleaje? Huyo Mbaruku anakuchemshia maji ya kuikanda, au bado anasema kesho? Mimi mzima, ila baridi ya mwezi huu imenivalisha koti la zamani la Bwana. Mikono yake inapita vidole vyangu, nikitembea naonekana kama sina mikono. Wewe Mbaruku sikuulizi hali. Nina hasira, na sehemu yako imo.

Unakumbuka Bwana, huyu mnunuzi wa kahawa ninayemtumikia, alivyotaka bahari sebuleni. Akaundisha sanduku la vioo, refu kama kitanda cha mtoto, akakuagiza wewe huko Tanga uchote maji ya chumvi, uyapakie kwenye treni ndani ya mapipa, na wale samaki sita kwenye madebe. Mimi kwa kuzaliwa pwani nikapewa uangalizi. "Hamisi, wewe mtu wa bahari, utajua." Nikasema ndiyo, Bwana. Mbaruku, mimi bahari nimeijulia kwenye sahani.

Mwezi wa kwanza maji yalikuwa maangavu, wageni wakaja kushangaa. Mwezi wa pili vioo vikashika utelezi wa kijani. Nikafuta kwa kitambaa, kesho yake umerudi. Nikakwangua kwa wembe, nikajikata kidole, umerudi. Nikatoa mawe yote nikayasugua kwa mchanga kama masufuria ya maulidi. Siku ya nne yameota manyoya, samaki wanapita humo kama mbuzi kwenye majani. Kijani gani hicho kisichochoka? Maharage ya Bwana yanamwagiliwa kila siku na hayaoti hivyo! Bwana akanisimamisha mbele ya wageni: "Nilikupa bahari, Hamisi. Umenipa kinamasi." Wageni wakacheka. Na mimi, mjinga, nikacheka nao.

Kwanza nikakulaumu wewe. Nikamwambia Bwana huyu ndugu yangu mvivu, hakuingia hata maji ya magotini, amechota pale wanapooshea samaki. Ndiyo maana ukapata ile telegramu kali. Ukaleta mapipa mapya. Ndevu zikaota vilevile.

Ndipo nikamgeukia Elisante, mtunza bustani. Ni Mmeru, rika langu, mzee wa kanisa, kwao ni juu ya Makumira kwenye migomba na kahawa. Nilipofika huku ndiye aliyenifundisha kuwasha kuni mbichi, na kila Jumatatu huniletea ndizi mbivu.

"Mswahili," ananiuliza, "hao samaki kama haliwi hata mmoja, wa nini?"

"Wa kutazama."

"Na mimi ng'ombe wangu namtazama. Lakini ananipa maziwa."

Sasa, Elisante hubeba mbolea ya ng'ombe kwa ndoo. Nikamwambia Bwana nimemwona akichukua ndoo ileile kuongezea maji sandukuni. Bwana hakuuliza mara mbili. Elisante akaambiwa awe ameondoka kabla ya saa sita mchana. Akavua mabuti ya Bwana, akayaosha, akayapanga mlangoni. Akanitazama.

"Hamisi, uliniona?"

"Nilikuona."

"Haya."

Nyumba ya bati anayojenga kwao imefika madirishani. Bila mshahara itasimama hapo.

Msalimie mke wangu, mwambie asihangaike kufuma sweta, koti ninalo. Msalimie binti yangu mkubwa na mumewe fundi cherehani, shangazi yetu wa maandazi, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama bado anasikia. Hapa, Mbaruku, acha kusoma kwa sauti. Mwambie mama barua imekwisha. Yaliyobaki soma peke yako.

Sikumwona Elisante na ndoo yoyote. Na maji yako hayakuwa na kosa.

Elisante ana wiki tatu tangu aondoke na ndevu bado zinaota. Juzi Bwana akapata kitabu kwa posta, akanieleza: kijani hicho kinaishi kwa jua na kwa chakula kinachobaki. Na tangu mwanzo alishaagiza pazia la sebuleni lisifunguliwe, jua lisipaushe viti, na samaki walishwe kidogo, mara moja kwa siku. Akauliza, "Nani alikuwa anafungua pazia?" Nikajibu, "Elisante, Bwana." Mara ya pili hiyo, Mbaruku. Ikatoka laini, hata sikujikwaa.

Ni mimi. Kila asubuhi Bwana akienda ghalani nilifungua pazia. Mlima umejifunika wingu, mimi natetemeka, nawaona wale sita wamejikusanya kwenye kona. Nikasema hawa ni watu wa Tanga, wanaumwa baridi kama mimi, waote jua. Na chakula je? Ningekulaje mbele yao bila kuwakaribisha? Mama hakutulea hivyo. Nikila wali nasema karibuni, natupia wali. Nikinywa chai, natupia mkate. Wakiacha nadhani wanaona haya, naongeza. Nilikuwa nazungumza nao, Mbaruku. Usicheke. Walikuwa watu wa nyumbani pekee niliokuwa nao.

Hasira yote niliyowagawia ninyi imerudi kwangu, na haina pa kwenda. Jana Jumapili nilipanda Makumira nikamkuta Elisante ametoka kanisani. Nikamweleza yote, hata la pazia. Mkewe akaniwekea ndizi. Elisante akasema:

"Mimi umeniambia. Bwana je?"

"Atanifukuza."

"Mimi alinifukuza."

Leo asubuhi nimemwambia Bwana, nimesimama mbele ya lile pazia. Hakupiga kelele. Amesema Elisante aitwe arudi, na mimi nisionekane hapa kesho. Na lile koti nililosema ninalo, nimelivua, nimelikunja, nimeliweka mlangoni pale yalipokuwa mabuti.

Nitafika nyuma ya barua hii kwa siku chache. Nimebadili nia, Mbaruku: rudi barazani, msomee mama mpaka mwisho. Na mke wangu mwambie aendelee na sweta, baridi ya huku nitashuka nayo mifupani.

Kaka yako asiyeijua bahari,
Hamisi