Mlango Wenye Komeo

Jumatano, 5 Machi 2025

Leo tena wamenishika tumbo. Madam Atoo, mke wa mkuu wa kambi, aliweka mkono kwanza. Halafu wake wa mainspekta, halafu wa masajini, na mwisho kabisa sisi wa makonstebo. Hata mbele ya Mungu tunapanga foleni kwa cheo! Waume ndio wenye nyota begani lakini wake zao ndio wanaozivaa.

Madam akaamuru: tumbo, funguka! Sauti ya gwaride kabisa. Wote: amina. Na mimi amina — ningefanyaje? Ushirika wa akina mama wa kambi si lazima, wanasema. Jaribu kukosa uone mumeo atapangiwa lindo gani.

Mwinjilisti mgeni alikuwepo. Alisema ukitaka kumjua Mungu kweli, tafuta chumba, funga mlango, ongea naye wewe na yeye tu. Wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi je? Nimeokoka tangu niko msichana, lakini maombi yangu yote ni maneno ya Madam.

Alhamisi, 6 Machi

Chumba kipi sasa, mwinjilisti? Humu tuko familia mbili, pazia katikati. Huku mimi na mume wangu, Ocaya. Kule Maimunah na mumewe Marjan, askari mwenzake Ocaya, na watoto wawili. Marjan akipiga chafya usingizini, Ocaya anamwambia pole bila kufumbua macho. Mlango ni mmoja tu, na uko upande wao.

Nimefikiri, nimefikiri. Kambi nzima mlango wenye komeo ambao naweza kuufunga ni wa choo. Nimekwenda. Harufu — Mungu wangu, unisamehe! Sijafika hata "Baba" mtu kagonga. Watu ishirini wanasubiri na makopo yao ya maji.

Basi nimepata akili nyingine. Nitamwomba kwa Kiacholi, chinichini, nikiwa nimelala. Hawa jirani zangu ni Wanubi, wao ni Kinubi na Kiswahili. Pazia ni kitambaa tu, lakini Kiacholi ni ukuta.

Jumatatu, 10 Machi

Siku zangu zimepita. Si kidogo.

Sijapima, naogopa. Ocaya sijamwambia, maana mara ile nilipomwambia mapema alikwenda kununua kofia ya mtoto, na kofia ile iko mpaka leo chini ya godoro. Nimemwambia Mungu peke yake. Mdomo kwenye mto, kwa Kiacholi. Nimemwambia: unaona? Usimwambie mtu. Nimecheka mwenyewe. Nani anamwambia Mungu asiseme!

Lakini tangu asubuhi nina raha ya ajabu. Nimechagua maharage, nimefua, nimepanga foleni ya maji, na muda wote ni kama kuna mtu tunayejuana siri. Hivi ndivyo wengine wanavyoishi naye? Mbona hakuna aliyeniambia?

Ijumaa, 14 Machi

Yamenikuta!

Ocaya ameacha lindo mchana, amekuja mbio na buti zake, machozi machoni. Marjan alimshika mkono pale getini: hongera, baba kijacho! Nikageuka kumtazama Maimunah. Alikuwa anamenya mihogo ya futari. Kisu kikasimama.

Dada, akasema, mimi nimezaliwa Gulu. Kiacholi nilikijua kabla ya kusoma.

Miaka yote hii! Akaniapia kwa mfungo wake kwamba hakutaka kusikiliza, sikio halina kifuniko. Furaha ikamshinda, akamwambia mume, akidhani Ocaya anajua tayari. Nilitaka kumpigia kelele. Lakini alikuwa analia kuliko mimi, na kosa ni langu. Wanubi wangapi wametoka Gulu, na mimi nimekulia kambini, sikulijua hilo?

Nimemwambia Ocaya sijapima. Hasikii. Ameitoa ile kofia.

Jua halijazama, Madam Atoo ameshapata habari.

Jumapili, 16 Machi

Madam ametangaza kanisani, kwa spika. Jumapili ijayo ibada ya shukrani, mbuzi atachinjwa, mimi nitatoa ushuhuda.

Baada ya ibada nimemfuata. Nimesema, Madam, tusubiri kidogo, sijapima bado. Akanishika bega, akatabasamu: neno la Bwana unataka kulipima kwa kikopo cha mkojo? Wenzake wakacheka. Ocaya akacheka pia, kwa kuwa mkuu wa kambi alikuwa amesimama karibu.

Halafu Madam akasema kile chumba karibu na ghala kiko wazi. Familia yenye mtoto haiwezi kuishi nusu chumba. Baada ya ushuhuda atazungumza na mzee wake, mkuu wa kambi.

Chumba cha peke yetu. Chenye mlango!

Ocaya amepiga simu kwao Gulu kabla hatujafika nyumbani. Mama yake anakuja.

Jumatano, 19 Machi

Nimekuwa bubu. Kila nikifungua mdomo niombe, nasikia Maimunah anajikohoza kule makusudi, ili nijue yuko. Bambi, maskini, anajitahidi. Akitoka na watoto naona kambi yote ina masikio.

Kwenye ushirika wamenifundisha ushuhuda. Nianze na "nilikuwa tasa". Nimeurudia kama mtoto wa nasari. Mke wa sajini mmoja amenikosoa: usiseme labda.

Sasa naomba bila sauti, mikono ikiwa kazini. Sijui kama inahesabiwa.

Ijumaa, 21 Machi

Mama mkwe amefika. Basi limemchosha, miguu imevimba, lakini kaleta siagi ya simsim, mafuta ya moyaa ya kumpaka mtoto, na kuku mzima ndani ya kikapu. Ocaya amekwenda kulala kwa rafiki. Mimi na mama kitanda kimoja.

Kaniita "mwanangu". Kabla, nilikuwa "mke wa Ocaya".

Alipojilaza aliweka mkono tumboni kwangu, akasema wazi tu, bila ubaya: nilikuwa nimeshaanza kumtafutia mwingine. Binti wa jirani. Sasa nitamwambia mama yake basi. Akalala hapohapo, mkono haukutoka. Mimi nimetazama mabati mpaka nikasikia Maimunah anaamsha watu wake kula daku.

Jumamosi, 22 Machi

Damu.

Asubuhi, kwenye foleni ya maji. Nilijua kabla sijaangalia.

Nimekwenda kule kwenye komeo. Nikafunga. Harufu sikuisikia. Nimemwambia Mungu maneno ambayo sikujua ninayo. Nimemwambia umenionea! Kama hukutaka kunipa, ungenyamaza tu, mbona ulicheka na mimi wiki ile yote? Nimemwambia sikutaki leo. Halafu nikamwambia usiende. Bila sauti, lakini nilikuwa napiga ukuta kwa ngumi. Hakuna hata neno moja la Madam ndani yake.

Waligonga. Sikufungua mpaka nilipomaliza.

Nyumbani mama alikuwa anakaanga simsim na anaimba. Nikajificha upande wangu wa pazia, sina hata kitambaa cha maana, na dukani siwezi kwenda, wake za askari wote wako pale. Mara mkono wa Maimunah ukapita chini ya pazia. Pakiti, imefungwa gazetini. Hakuuliza. Safari hii sikuwa nimesema kitu kwa lugha yoyote, aliniona tu nilivyotembea. Nikaushika ule mkono. Tukakaa hivyo, yeye kule, mimi huku.

Jioni Ocaya alipita kuniaga, akaniuliza mbona macho mekundu. Nikasema moshi.

Jumapili, 23 Machi

Naandika chooni. Daftari gotini.

Spika zinajaribiwa: moja, mbili, alo, alo. Mbuzi amechinjwa. Nimevaa kitenge alichonishonea Madam, kipana mbele, nafasi ya tumbo. Nina pakiti ya Maimunah ndani yake.

Nimekuja kuuliza niseme nini. Nikisema ushuhuda wao, chumba ni chetu, na miezi miwili mbele nitasema mimba imetoka, na kila mtu atanihurumia. Wengi wamefanya hivyo, nina hakika. Ocaya hataaibika mbele ya mkuu wake. Binti wa jirani atabaki Gulu. Nikisema kweli, Madam atakuwa nabii wa uongo mbele ya kambi nzima, na hilo halitasamehewa — lindo la usiku mpaka Ocaya astaafu!

Lakini nitasimama pale nimshukuru Mungu kwa kitu ambacho yeye anajua, na mimi najua, kwamba hakipo. Na jana alikuwa humu na mimi. Hakusema kitu, lakini alikuwepo, na sijawahi kuwa na uhakika hivyo na kitu chochote. Nikitoka nikadanganya kwa jina lake kwenye spika, kesho nitarudi humu niongee na nani?

Naogopa. Naogopa sana. Baba, mimi ni mke wa konstebo tu.

Wanagonga. Nasikia Maimunah anawafukuza: mwacheni, nendeni kile kingine! Wanaimba wimbo wa kunikaribisha. Umeanza upya mara ya pili.

Sasa kumetulia nje. Miguu inaburuta — mama mkwe. Amesimama karibu kabisa na mlango, naona viatu vyake kwa chini. Kumbe leo nilisahau, nimeomba kwa sauti, na kwa Kiacholi.

Anaita polepole. Mwanangu. Damu gani? Unamwambia nani humo ndani?

Mkono wangu uko kwenye komeo. Nafungua.