Nyumba ya Mama Bado Imesimama

Sironga, Nyamira
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Abner,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini wewe, Maureen na watoto hamjambo huko Nairobi, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha vizuri, majani chai tunachuma kila wiki, na Baba Mdogo Onsongo bado analalamika kuhusu goti lake na kuhusu mimi.

Ujumbe wako niliupata. Umesema utakuja Desemba na mnunuzi wa shamba, nami niwe tayari kutia sahihi. Najibu kwa barua kwa sababu kwenye simu hunikata kabla sijamaliza. Sitatia sahihi. Shamba lingali kwa jina la Baba, mimi ni mtoto wake kama wewe, na bila mimi haliuziki. Baba Mdogo amesema binti aliyerudi kutoka kwa mume hana sauti katika boma la babake. Nilimjibu kwamba sauti yangu anaisikia vizuri, ndiyo maana amekasirika.

Umesikia pia kwamba boma nimeligeuza kuwa kituo cha wageni. Ni kweli. Huja vikundi: kwaya, wanafunzi, vyama vya akina mama. Ile mikaratusi yako iliyokuwa ikikausha chemchemi nimeikata, na mbao zake ndizo vitanda. Tunakinga maji ya mvua, taa zinatumia jua, na samadi ya ng'ombe inatupa gesi ya kupikia. Ghala la mahindi sasa linalaza watu kumi na wawili. Waliosema nimerukwa na akili huniletea mayai na ndizi ninunue.

Kikundi cha kwanza nilikiaibisha mwenyewe. Walikuwa watu wa kanisa kutoka Nyamache, wazee na vijana wao, nami kwa ujuaji wangu nikawapanga wote ghalani. Mzee Nyangau alipoona kitanda chake kiko karibu na cha mke wa mwanawe, alichukua mkoba wake akaenda kukaa nje. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama mimi ni Mgusii au nimetoka ng'ambo. Nilitamani ardhi inimeze. Heshima ya mkwe na baba mkwe kutolala nyumba moja nilifundishwa kabla sijajua kusoma, na mimi huyo niliisahau kwa kuhesabu vitanda. Ikabidi niwahamishie wazee nyumba nyingine. Walikaa siku nne, na tangu hapo wamerudi mara mbili.

Sasa utauliza ni nyumba gani hiyo nyingine. Ni nyumba ya Mama, Abner. Mwezi wa nne uliniagiza niibomoe kwa kuwa mnunuzi anataka kiwanja kitupu, nami nikakutumia picha ya rundo la matofali. Yale yalikuwa ya jiko kuukuu la Baba Mdogo. Nilikudanganya, na kwa uongo huo naomba msamaha. Kwa kutobomoa siombi. Kwa desturi yetu nyumba ya mama ni ya kitinda mimba, na iliniuma sana kwamba aliyeachiwa ndiye aliyetaka iangushwe.

Maureen aliniambia kwamba ulipoiona ile picha ulijifungia chumbani ukalia, ukasingizia homa. Ningekuambia siku hiyohiyo, lakini hasira ilinizidi, nikakuacha ulie. Hilo nalo unisamehe.

Njoo Desemba, mnunuzi umwache huko. Chumba cha Mama sijampa mgeni yeyote, na ufunguo wake nimekuwekea. Ukiona bado unataka nyumba ianguke, ianze kwa nyundo yako mwenyewe, mchana, nikikutazama.

Msalimie sana Maureen, na umwambie mwanao Brandon kuku wake ametotoa vifaranga tisa. Mungu awatunze hadi tuonane.

Ni mimi dada yako, ambaye sahihi yake utaipata hapa tu,

Celestine Nyamusi