Lita Ishirini Kwenye Mizani ya Ngulyati

Ngulyati,
Bariadi, Shinyanga.
Agosti 20, 2000

Dada yangu Klementina,

Mwangaluka! Najua huko Mbinga hakuna wa kukuamkia hivyo, lakini mtu aliyefundisha Sola miaka mitano akila michembe yetu ya viazi vikavu hawezi kuwa amesahau salamu yetu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linachagua njia ya kupita. Presha yako imetulia? Na kahawa, mmeshaichuma? Barua yako ya Mei ilinifikia katikati ya Juni. Niliisoma peke yangu mara tatu, kisha nikaenda nayo Somanda kwa Nyamizi ikasomwa mbele ya wote, kama kawaida yetu. Tulipofika pale unaposema mkweo amekukataza kushika jembe kwa kuwa wewe sasa ni bibi mstaafu, Nyamizi alipiga meza vikombe vikaruka. Amesema nikuandikie ulishike jembe hilohilo, mbele ya macho yake. Nimefikisha.

Umeniuliza habari za Paschal, mtoto wako wa ubatizo. Nitakuja kwake. Nivumilie kidogo.

Sisi wa chuo cha ualimu, darasa la 1966, tuliobaki wilaya hii sasa tuko wanne. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana uani kwa Nyamizi, tunakunywa chai, tunasoma barua za ninyi mlio mbali, tunagombana kuhusu mambo ya chuoni ambayo hakuna anayeyakumbuka sawasawa. Shida, aliyestaafu akiwa mratibu wa elimu wa kata, bado anafunga tai hata kuja kunywa chai. Nyamizi bado anaimba sauti ya kwanza kanisani na hataki kumpisha mtu. Mwenye habari nzito ni Mahona.

Mahona wetu wa hesabu alipigwa na kiharusi mwezi Februari. Mkono na mguu wa kulia vimelala, na maneno yanamtoka yamelegea kiasi kwamba asiyemzoea hamwelewi. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na shamba moja tu, kwa hiyo huwa napita kila asubuhi. Tulipostaafu mwaka jana alikuwa amenunua jozi ya maksai akapanua shamba lake la pamba kama kijana. Mwaka huu pamba yake imevunwa na jirani zake, naye amekaa kwenye kiti akiwaonyesha kwa fimbo.

Sasa unajua huku tangu soko la pamba lilipoachwa huria, ghala la chama cha msingi cha ushirika limebaki la popo. Msimu ukianza wanakuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake, turubai lake na mizani yake. Mwishoni mwa Juni Mahona alipeleka mafurushi matano gulioni. Aliporudi nilimkuta amekasirika, anasema kitu ambacho sikukielewa mpaka aliporudia mara ya nne: "Pamba yangu imepungua njiani." Alikuwa amefunga kwa shuka zilezile za miaka yote, na miaka yote alijua furushi moja linatoa kilo ngapi. Safari hii kila moja lilikuwa limepungukiwa karibu na robo. Alipolalamika pale gulioni, karani wa mizani alimwambia mzee akapumzike. Watu wakacheka. Wakasema kiharusi kimemla akili.

Klementina, huyo ndiye aliyewafundisha wote kuhesabu!

Siku ya pili aliniomba maji. Nikamletea kikombe. Akakisukuma kikamwagika, akavuta daftari akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza: LITA 1 =. Halafu akanitazama vile alivyokuwa akituangalia chuoni akitusaidia hesabu nasi tukachelewa kujibu. Nikaandika: kilo 1. Akatingisha kichwa, akaongeza: DUMU.

Nilielewa. Nikapeleka jambo hilo Somanda kwenye kikao chetu cha Julai. Shida alikataa. Alisema wale wanunuzi wana watu wakubwa nyuma yao, na sisi tumestaafu, basi tustaafu kweli. Nyamizi akamjibu kwamba yeye amestaafu chaki, hajastaafu macho. Wakaanza kurushiana maneno. Mimi nilishika kikombe, chai ikapoa, mpaka Nyamizi akaniuliza mbona siongei na jambo nimelileta mwenyewe. Ndipo nikasema dumu nitalibeba mimi.

Jumanne tarehe 25 Julai tulikwenda. Jirani walimpandisha Mahona kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na dumu la maji la lita ishirini lilikaa katikati ya miguu yake. Nyamizi alikuja na gauni la kanisani. Na Shida, hebu sikia, tulimkuta ameshafika kabla yetu, tai shingoni, amesimama kwenye mstari kama muuza pamba ingawa hana hata mche mmoja wa pamba.

Watu walikuwa wengi. Zamu ilipofika ya Mahona karani alitafuta furushi, akaona dumu. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni maji, ayapime. Akasema mizani hii ni ya pamba, haipimi maji. Nyamizi akamuuliza kwa sauti ile ya kwaya: "Mwanangu, mizani yako inajua kusoma kilichofungwa ndani?" Watu wakaanza kusogea. Wakala wa kampuni, aliyekuwa chini ya turubai na vitabu vyake, akasimama.

Nikageukia watu. Sauti ilitoka, Klementina, ileile ya darasani. Nikauliza: "Lita moja ya maji ina uzito gani?"

Wanaume wenye ndevu, wanawake wenye wajukuu mgongoni, walijibu kwa pamoja bila kufikiri: "Kilo moja, mwalimu!"

"Na lita ishirini?"

"Kilo ishirini!"

"Nani aliwafundisha?"

Wakageuka wote kumtazama Mahona kwenye mkokoteni. Hakuna aliyecheka.

Vijana wawili wakalinyanyua dumu wakalitundika kwenye ndoano. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye kumi na tano. Nikamwomba Shida asome kwa sauti, kwa kuwa yeye ndiye mwenye tai. Akasoma. Akasoma tena kwa Kisukuma.

Kilichofuata kilinitisha. Kelele zilipanda, mtu akaokota jiwe, mwingine akakata kamba ya turubai. Niliona watu wanamwendea wakala na nikajua wakimfikia hawatabakiza kitu. Nilikwenda nikasimama mbele yake na goti langu hili, nikawaambia anayetaka kurusha jiwe aanze na mimi. Nikawaamuru wakae chini. Na walikaa! Watu wazima zaidi ya mia, chini vumbini, kama wako kwenye gwaride la asubuhi. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakaichukua mizani wakaifungia ghalani, kila mtu akabeba pamba yake akarudi nayo nyumbani. Lori lilirudi tupu. Baada ya siku nne alikuja bwana vipimo kutoka mjini, akaifungua mizani mbele ya watu, akaonyesha mahali ilipochezewa. Sasa hapa Ngulyati hapimiwi mtu pamba kabla ya dumu la maji kutundikwa kwanza. Mahona anapelekwa kila siku ya gulio kusimamia. Maneno bado yamelegea, lakini siku hizi watu wanangoja mpaka amalize.

Sasa nije kwa Paschal.

Wakala sikumtaja jina kwa sababu kalamu ilikuwa inanikwepa. Ni yeye. Yule uliyemshika kisimani mwa ubatizo pale Sola mwaka 1969, akalia mpaka padri akasahau sala, ndiye aliyekuwa chini ya lile turubai. Nilijua ni yeye hata kabla sijabeba dumu. Ndiyo maana chai ilinipoa mkononi. Kampuni imemfukuza kazi, kesi yake itasikilizwa mwezi ujao. Siku ile nilipowageukia watu baada ya kusimama mbele yake, alisema jambo moja tu mgongoni mwangu: "Mama, umeniua." Sikugeuka. Ningegeuka ningelia, na wale watu wangesimama tena.

Ukoo wa marehemu mume wangu Maganga umeniita. Shemeji Mayige alisema mama mwenye akili humfuata mwanawe pembeni, hamfanyi tangazo. Wanataka nilete ng'ombe, nimwombe mtoto radhi mbele ya wazee. Niliwauliza wale waliopunjwa robo ya jasho lao waliombwa radhi na nani, na kwa ng'ombe gani. Nikachukua kanga yangu nikaondoka. Siendi tena wakiniita kwa hilo, na sitaomba radhi.

Lakini lipo neno moja la kweli katika aliyosema Mayige, naye mwenyewe hajui. Hili sijamwambia mtu. Nilikuwa nimejua tangu mwaka jana.

Msimu uliopita Paschal alilala kwangu na ile mizani. Asubuhi nilimkuta mezani ameigeuza, ana bisibisi mkononi, anachokonoa nyuma. Nikamuuliza anatengeneza nini. Akanieleza bila kuficha, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kwamba mizani zote za wanunuzi ziko hivyo, na asipofanya watamweka mwingine atakayefanya. Mimi niliyefundisha miaka thelathini na tatu nilimmiminia uji nikamwekea sukari. Mwezi uliofuata aling'oa nyasi juu ya nyumba yangu akapiga bati. Nilimshukuru. Nilipiga vigelegele, Klementina. Mvua ikinyesha nilikuwa nasikia kelele ile juu yangu na kujiambia ni mvua tu.

Kwa hiyo Mahona alipochekwa na watu wakasema kiharusi kimemla akili, mimi nilikuwa najua akili yake ni nzima. Nilikaa siku nzima na usiku wake bila kumwambia, na mpaka leo sijamwambia. Ningemfuata mwanangu pembeni mwaka jana, pengine kesi isingekuwepo. Hilo ndilo kosa langu, na ni hilo peke yake. Dumu silijutii. Ningepewa siku ileile ningelibeba tena, na kama mizani ingekuwa ya baba yangu mzazi ningelibeba.

Paschal amesema atapanda basi aje kwako, ili wewe kama mama wa ubatizo uniandikie nikubali ya ukoo. Akija mpe chakula, mpe kitanda, mpe hata lile jembe mnalogombania na mkweo alime. Ni mtoto wetu. Ila usimpe barua ya kuniletea. Mwambie mama yake atakuwepo mahakamani, atakaa benchi la mbele, upande wake, na akiulizwa atasema kweli.

Nimeandika haya kabla ya kuwaambia wenzetu kwa makusudi. Kesho asubuhi naipeleka posta Bariadi mwenyewe. Ikishatumbukia sandukuni siwezi kuirudisha, na nikifika Jumamosi ya Septemba mbili sitakuwa na njia ya kunyamaza, maana wewe utakuwa unajua. Nitamwambia Mahona wa kwanza, uso kwa uso. Wakiamua nisikae tena kwenye meza ile, nitaleta kigoda changu nikae nje ya ua wa Nyamizi, na wasome barua zako kwa sauti kubwa nisikie. Miaka thelathini na minne, sitoki kirahisi hivyo.

Nisalimie wajukuu wote, na yule mdogo mwambie bibi wa Usukumani ameisikia habari ya jino lake. Mkweo naye msalimie, pamoja na ukaidi wake. Kunywa dawa zako kwa wakati, na nijibu upesi, hata kama ni kwa ukali.

Ni mimi mwenzako wa kitanda cha juu,

Minza Mboje