Neno la Daktari

Jumatano, Bulyaga

Bado neno hilo linanikera. Daktari alipomruhusu baba mkwe arudi nyumbani, alisema kwa Kiingereza kwamba yuko "stable". Kwa kuwa mimi nafundisha Kiingereza, familia yote ikanigeukia.

Kamusi inatoa imara, thabiti, tulivu, asiyebadilika. Imara ni ukuta. Mzee hata kikombe cha uji hawezi kukishika.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawasemeshani, kwa hiyo nilisimama nyuma ya pazia, mama mkwe akapeleka maneno. "Mwambie ametulia," nikasema.

Akajibu mzee mwenyewe, ambaye tangu niolewe hajawahi kunisemesha. "Mwanangu, sijauliza kama nimetulia. Nauliza kama nianze kugawa migomba ya Kawetele."

Nikamjibu moja kwa moja. "Baba, ugonjwa haujazidi, lakini haujapungua."

"Hapo nimeelewa," akasema.

Mama mkwe hakutukemea, wala hakushangaa. Ndicho kinachoninyima usingizi. Mzee yule asingevunja mwiko ule kama angeona bado ana muda.