Mistari ya Manjano ya Babu Imrich

Kwako Zlatka, mke mwenzangu,

Huko Košice wamekukata miguu? Mwaka na ushei hujakanyaga hapa, hata kumzika babu yako hukuja. Haya, u mzima? Unakula? Mimi mzima, ila magoti. Anayeandika ni Helena wa posta, maana shule mimi niliionea nje. Anataka nipunguze ukali. Nimemwambia kalamu yake, mdomo wangu.

Sasa sikia. Unaijua mapa, ule ubao wa ramani kituo cha basi, wanaposimama wapanda milima, Wapolandi, Wacheki, Waukreni, wakabishana kila kitu ila hilo neno mapa, maana kwa lugha zao zote ramani ni mapa. Tangu theluji iyeyuke, imetokea juu yake njia mpya ya manjano, toka kituoni hadi makaburini. Gejza wa chama cha njia aliifuta. Asubuhi ikarudi. Akanitania kwamba mzee Imrich hajui kustaafu, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akipaka alama njia zetu zote.

Nikaenda kuona miti. Rangi mbichi, mistari imenyooka, mkono wake kabisa. Lakini babu yako kila mti aliupaka pande mbili, wa kwendea na wa kurudia, na alisema anayeacha wa kurudia ni muuaji. Hii imepakwa upande mmoja, ule anaouona mtu atokaye kituoni. Nilifika kaburini, nikageuka. Msitu mtupu, na mimi niliyezaliwa humu sikuijua njia. Kengele ya kanisa ndiyo iliyonitoa.

Babu yako anayemngoja ninamjua. Alikata roho akiuliza kama mke wake mdogo amefika. Maiti asiyeagwa hatulii. Padri ameomba, rangi haijakauka.

Basi nikuambie nilichofanya. Nimechukua kopo lake ghalani, nikapaka upande wa kurudia, mti kwa mti, kuanzia kaburini. Mtu akawa ananipumulia shingoni. Nikamwambia Imrich aone haya, mtoto hata hajaolewa. Mti wa mwisho akaishika brashi. Tulivutana, mjukuu wangu, kama tulivyovutana blanketi maisha yetu yote, na nilimshinda.

Gejza anakusalimu, siku hizi hatanii. Helena naye, mwandiko umemharibikia hapa, msamehe.

Ukija, usianzie kwangu. Nenda kaburini ukamuage, umlilie, lakini usimwahidi kitu. Kisha geuka, ufuate mistari iliyopinda. Hiyo ni yangu.

Bibi yako,
Verona