Maji ya Mboga Nyuma ya Jiko

Mama,

Nakusihi, haya yabaki siri yako. Usimsomee yeyote huko uliko, hata mdogo wangu. Yeye hasa asijue.

Tangu tukuzike, Baba amehamia kwa shangazi, kule Kanoni. Mimi nimebaki hapa Kaisho, ni karani wa kituo cha afya. Nimeoa. Mke wangu anaitwa Kemilembe, na ni mjamzito. Hamkuwahi kuonana, na hilo ndilo linalonitisha.

Unaukumbuka mgomba wa nyuma ya jiko, ambao chini yake ulimlaza mdogo wangu, yule aliyezaliwa mgongo wazi akafa. Nilikuwa mdogo, nikakushikia jembe. Ukaniambia, "Hili ni langu na lako. Hata mkeo asilijue." Tangu siku ile, kila ulipochemsha mboga ulimwaga maji yake pale shinani, majani ukatugawia sisi. Wewe ulikula ndizi tupu. Nikikubembeleza ulicheka: "Mimi si mbuzi, mwanangu." Kisha moyo wako ukasimama ulipokuwa unaanika kahawa. Tulikukuta ngumi imejaa buni.

Juzi alikuja daktari mgeni kuzungumza na wajawazito, nami nikamtafsiria kwa Kinyambo. Alisema kuna kirutubisho kilichomo kwenye mboga za majani na maharage. Kikimpungukia mama, mgongo wa mtoto unaweza kukosa kufunga. Akaongeza kuwa wataalamu wanashuku upungufu huohuo huenda unaumiza na mishipa ya moyo, ila bado hawana hakika. Na kwamba sehemu ya kirutubisho hicho hubaki kwenye maji ya mboga tunayomwaga.

Hapo nikamwomba arudie, mara mbili. Akina mama wakacheka. Mmoja akauliza kama karani naye ana mimba.

Nilipofika nyumbani, Kemilembe alikuwa anatoka jikoni na sufuria ya maji ya mboga. Aliipita migomba yote ya karibu, akaenda kumwaga pale pale ulipomwaga wewe. Sijawahi kumwambia lolote, Mama. Nikamuuliza kwa nini hapo. Akasema, "Ule una kiu." Akaendelea na kazi zake.

Daktari alisema mgongo hufunga mapema, mwanamke akiwa bado hajajua kama ana mimba. Huenda la mtoto wetu limeshapita. Sijui. Lakini Kemilembe yupo, na sitaki nimkute kama tulivyokukuta wewe. Nisamehe. Leo nitamweleza yote, na kuanzia leo maji hayo atayanywa yeye. Mdogo wangu hatayapata tena. Naahidi kumpalilia kwa mkono wangu, maisha yangu yote.

Lala salama, Mama. Mdogo wangu akilia kwa kiu, mbembeleze. Asipobembelezeka, msiende kwa Kemilembe, hata ndotoni. Njooni kwangu. Mchana, wagonjwa wakishaondoka, huwa peke yangu kwenye chumba cha kadi. Dirisha linaloelekea kwenye mibuni halina komeo. Msiniite kwa jina, watu watasikia. Gongeni tu, nitatoka.

Mwanao,
Deo