Siku Niliyokuwa Tanga

Mjukuu wangu Rukia,

Hapa Grand Prairie hatujambo. Shangazi yako amelala, katoka zamu hospitali. Swali lako limenifurahisha mno! Umeona huko Houston picha ya kale ya Waholanzi, mwanamke ameketi akiletewa samaki na vitambaa, ukaambiwa yeye ndiye mji. Inawezekanaje?

Inawezekana! Mimi niliwahi kuwa mji wenyewe wa Tanga. Asubuhi ya maandamano, kikundi chetu cha lelemama, ngoma ya wanawake, kilinipamba niwe mji, kikanikalisha juu ya mkokoteni, machungwa yamejaa mapajani. Nikaonywa nisitikisike. Lakini mzee aliyeuvuta mkokoteni alilowa jasho, nikammenyea chungwa. Kiongozi wetu akanitolea macho, ila barabara nzima ikapiga vigelegele!

Rudi ukaitazame ile picha. Yule mwanamke analetewa vitu; je, naye anampa nani chochote?

Bibi yako, mji wa asubuhi moja.